Ubishi Wangu wa Mwezi Nusura Uwazamishe Wajukuu Zangu

Nina makosa mawili ya kuungama. La kwanza ni la ubishi, na wazee wenzangu mtanielewa, maana ubishi ndio ugonjwa wetu. La pili ndilo baya. Nitalifikia, nivumilieni tu, kwa sababu kila nikilikaribia naweka kalamu chini.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, mtu wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Nyumba yetu iko uchochoroni, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Nimesimamia upakiaji wa malori kwenye maghala ya Shimanzi mpaka nilipostaafu, na tangu nistaafu sina watu wa kuwaamrisha ila mke wangu, naye haamrishiki.

Binti yangu nitamwita Salma. Anakaa Tudor na mumewe, wote wawili wafanyakazi. Wana watoto wawili: Rukia, msichana wa miaka kumi, na Twaha, mvulana wa miaka sita. Majina haya si yao. Nimeshawadhuru vya kutosha, sitawaanika tena.

Shule zikifungwa mwisho wa mwaka watoto huletwa kwetu. Msimu huo joto la hapa mjini mnalijua. Nyumba ya mawe huwa kama tanuri la mkate, na dawa ya joto ni bahari. Basi kila maji yakitoka mchana, mimi na wajukuu zangu tulikuwa pwani.

Tulikuwa tukiteremka upande wa mnara wa taa, pale chini ya majabali, ambapo maji yakipwa hubakia vidimbwi vya maji vuguvugu. Tukibeba kikapu: mihogo ya kukaanga, ndimu na pilipili, achari ya embe, chupa ya maji. Twaha alikuwa akiogopa kaa wadogo lakini hataki kuondoka walipo. Rukia alikuwa mtu wa maswali. Mbona maji yanaondoka? Yanakwenda wapi? Nani huyaambia yarudi? Nilikuwa nikijibu mpaka sauti inanikauka, na sitawaficha, nilikuwa na furaha ambayo hata nilipowalea watoto wangu mwenyewe sikuipata. Wakati huo nilikuwa Shimanzi nikipigia madereva kelele.

Sasa nije kwenye ubishi wangu.

Sisi watu wa pwani tunajua maji kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu. Marehemu baba yangu alinifunza nikiwa mdogo kuliko Rukia. Mwezi kumi na tano ni bamvua, yale maji makubwa, hutoka mbali na hurudi kwa nguvu. Mwezi kumi na sita maji humaliza kutoka kama saa tano na nusu mchana, halafu yanaanza kurudi. Kumi na saba, saa sita na robo. Kila siku inayopita maji huchelewa kidogo chini ya saa moja. Ukiijua tarehe, umeijua bahari. Mimi sijawahi kutazama jedwali la maji la bandari maishani mwangu.

Lakini tarehe ipi? Mnajua mambo yetu ya mwezi. Kuna wanaofuata mwezi ulioonekana hapa hapa, na kuna wanaofuata ukionekana popote duniani, na mara nyingi hawa wa pili hutangulia kwa siku moja. Sisemi nani ana haki, hilo ni la mashekhe. Nasema tu kwamba nyumba yetu miaka yote ilifuata mwezi wa hapa, kisha mimi uzeeni nikahamia kwa hao wa pili. Nikabishana na watu msikitini, nikabishana barazani, nikabishana na mke wangu mpaka mwaka ule tukala Idi siku mbili katika nyumba moja. Nikaweka tarehe kwenye simu, na tangu siku hiyo kila kitu changu kikaenda kwa tarehe ya simu. Hata maji.

Na hapo ndipo upumbavu wangu ulipo. Hesabu ya baba yangu ilijengwa juu ya mwezi ulioonekana kwa macho, hapa, na watu waliosimama darini wakatazama. Mimi nikachukua hesabu ile ile nikaitia tarehe ya kwingine. Siku moja mbele. Kwenye kalenda siku moja si kitu. Majini ni kama dakika arubaini na tano.

Asubuhi ya siku ile nilisema tutaondoka saa nne na nusu, kwa sababu maji yatamaliza kutoka saa sita na robo. Mke wangu alikuwa akimenya mihogo.

"Baba Salma, leo si kumi na saba," akasema. "Leo ni kumi na sita. Mwezi niliuona kwa mato yangu, hapo darini."

"Wewe waona hapo darini, dunia nzima imeona kabla yako."

"Dunia haiogi hapa. Hiyo simu yako itakutia shimoni."

Nikacheka mbele ya watoto. Nikamwambia Rukia, "Msikie bibi yako, yuwataka bahari imngojee yeye." Mtoto naye akacheka. Mke wangu akakaanga mihogo, akaitia kwenye kikapu.

Tulipofika chini maji yalikuwa yametoka mbali kweli, kama yanavyotoka wakati wa bamvua. Siku zote tulikuwa tukicheza mahali pa wazi, karibu na njia ya kupandia. Siku hiyo nikapata tamaa. Ukizunguka pembe moja ya jabali kuna kijichanga, cheupe, kimejificha kama chumba. Njia yake ni moja tu, kwa miguu juu ya mawe, maji yakiwa yametoka kabisa. Nyuma yake jabali limesimama urefu wa ghorofa mbili, tena limejiinamia kwa mbele, hata paka hapandi. Nilikuwa nikienda pale utotoni. Nikawaambia watoto, leo nitawaonyesha siri ya babu.

Rukia akauliza, "Babu, na maji yakirudi?"

"Hayarudi mpaka niyaruhusu," nikasema.

Mungu anisamehe kwa neno lile.

Tukazunguka ile pembe kama saa tano na nusu. Yaani tulipita wakati ule ule maji yalipomaliza kutoka. Mimi kichwani mwangu nilikuwa na akiba ya dakika arubaini na tano ambayo haikuwapo.

Watoto walifurahi. Walichimba, walioga kwenye vidimbwi, Twaha alipata ganda la kombe akalivaa kichwani. Rukia alichomeka kijiti mchangani karibu na maji, kwa sababu alitaka kuona kwa macho yake bahari ikiondoka. Adhuhuri ikaadhiniwa, sauti ikitujia kwa mbali kutoka juu. Nikatia udhu kwa maji ya bahari.

"Babu," Rukia akasema, "maji yamefika kwa kijiti changu."

"Ni wimbi tu. Ndiyo kwanza yamemaliza kutoka."

Nikasali. Nilipotoa salamu alikuwa amesimama pembeni akingoja.

"Babu, kijiti kimekwenda."

Nikamkaripia. Nikamwambia maji haya nimeyajua kabla mamake hajazaliwa, na mtoto hafunzi mtu mzima. Akanywea. Tukala mihogo. Nikawasimulia habari za pwani ile nilipokuwa mdogo, na nilisimulia kwa raha, nikaongeza na chumvi. Rukia hakuwa akinisikiliza. Alikuwa ameikodolea macho ile pembe tuliyopitia.

Nilipotazama simu ilikuwa saa saba na robo. Nikasema haya, polepole tukusanye vyombo. Nikaenda kuangalia njia.

Njia haikuwapo. Pale tulipokanyaga mawe makavu palikuwa na maji ya kiuno, na kila wimbi lililokuja lilipiga jabali likapanda kupita kichwa changu.

Sijui niwaelezeje woga ule. Si kama woga wa mwizi au wa mbwa. Nilisimama nikifanya hesabu upya kama mwenda wazimu, kumi na sita, kumi na saba, kumi na sita, na wakati huo huo nilikuwa nimeshajua.

Nilimbeba Twaha mgongoni nikajaribu kupita. Wimbi la pili liliniangusha. Nilimshika mtoto kwa mkono mmoja na kwa mwingine nikashika jabali, na matumbawe yakanichana kiganja mpaka nikaona nyama. Simu ikaenda. Kikapu kikaenda. Tukarudi kwenye kijichanga, nacho kilikuwa kimebaki kipande cha kutandika mikeka miwili.

Juu kidogo ya kichwa changu palikuwa na kikalio katika mwamba, chembamba, cha kuketi watoto wawili tu. Nikawapandisha. Mimi nikasimama chini yao, mgongo nimeuegemeza jabalini, na maji yakaanza kunipanda. Magoti. Mapaja. Nikapiga kelele mpaka sauti ikanipotea. Juu kulikuwa na upepo na magari, na watu wanaokwenda kule kupunga hewa hawatazami chini.

Maji yaliponifika kiunoni nikamwambia Rukia, "Mshike ndugu yako. Lolote litakalotokea, usimwachilie." Nilikuwa naagana naye. Alielewa. Niliona machoni mwake kwamba alielewa.

Twaha alikuwa ameganda. Halii, hasemi, mdomo wazi. Rukia akamwambia, "Twaha, lia. Lia kama siku ile ya sindano." Mtoto hakuweza. Basi yule msichana akamfinya. Akamfinya mkono kwa kucha, kwa nguvu zake zote, na Twaha akatoa ukelele ambao sijausikia kwa mtoto yeyote. Akamfinya tena. Na tena. Na yeye mwenyewe machozi yanamtoka huku anamfinya.

Sauti ile ndiyo iliyofika juu. Sauti ya mzee hakuna aliyeisikia.

Kichwa kikachungulia. Alikuwa mtu wa bara, amevaa ovaroli za kazi, nadhani alikuja kula chakula cha mchana pale juu.

"Mzee! Muko wangapi huko?"

"Watatu! Watoto wawili!"

"Ngojeni. Msisonge!"

Akatoweka. Nilidhani hatarudi. Alirudi na watu, na kamba ya mkokoteni wa muuza madafu. Wakaiteremsha. "Funga huyo mdogo kwanza!" akasema. "Chini ya makwapa! Kaza!" Nilifunga huku kiganja kinavuja damu, maji yananipiga kifuani. Twaha akapanda akigongwa na jabali. Kisha Rukia. Kisha mimi, na walinivuta kama gunia, na nilipofika juu nikalala kifudifudi kwenye nyasi nikabusu ardhi.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza linapoishia. Laiti ungamo langu lingeishia hapo.

Nilipoinua kichwa watu walikuwa wametuzunguka, labda thelathini. Nusu yao wameshika simu wanatupiga picha. Yule mtu wa bara alikuwa akihema, mikono imemchunika kwa kamba. Akaniuliza, si kwa ubaya, "Mzee, sasa mlifikaje pale na watoto? Na maji yanajaa?"

Simu zote zikanielekea. Nami nilikuwa mtu wa hapa, mzaliwa wa hapa, kikoi kimenichanika, naulizwa habari za maji na mtu wa bara. Nikamwona akilini mwangu mke wangu akimenya mihogo. Nikaona baraza zima ninalobishana nalo. Na ulimi wangu ukasema peke yake:

"Ni huyu msichana. Alinikimbia akazunguka jabali na mdogo wake. Mimi niliwafuata kuwaokoa."

Rukia alikuwa ameketi karibu yangu amefunikwa leso ya mtu. Akageuka akanitazama. Akafungua mdomo. Nikamtazama vile ninavyomtazama anapokosa adabu, na akaufunga.

Mama mmoja akaanza kumkemea. "Mtoto mkaidi wewe, wataka kumuua babuyo?" Mwingine akasema watoto wa siku hizi hawasikii. Rukia akainamisha kichwa. Mimi niliyemwona akiinamisha kichwa nilikaa pale pale nikapewa maji ya dafu, nikanywa.

Kabla ya magharibi ile video ilikuwa imeingia kila simu ya mji huu. Babu ameokoa wajukuu. Msikitini walinipa mikono, watu niliobishana nao juu ya mwezi wakanikumbatia. Mke wangu alinifunga kiganja kwa kitambaa, akaniuliza swali moja tu.

"Mtoto alikimbia saa ngapi?"

Nikasema sikutazama saa. Akamaliza kufunga, akainuka. Mpaka leo hajaniuliza tena, na hajanitazama usoni vizuri tangu siku hiyo.

Salma alikuja usiku ule ule akawachukua watoto. Siku ya tatu akanipigia kwa simu ya mama yake. Sauti yake ilikuwa ya kunionea huruma, na huruma ile ilinikata.

"Baba, huyu mtoto ataka kukusingizia. Ati wewe ndiye uliyewapeleka. Nikamwonyesha ile video, nikamwambia, haya, babu yako ni muongo?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu lilitakiwa. Nikasema, "Msamehe, mwanangu. Ni mtoto."

Naapa sikulala usiku ule. Nilisema asubuhi nitampigia. Asubuhi nikasema jioni. Mnajua vile uongo unavyozoeleka, kila siku unapata nafuu kidogo, na ukipata nafuu unajidanganya umepona.

Zikapita wiki. Shule zilipokaribia kufunguliwa Salma akawaleta watoto kutusalimia. Twaha akapanda mapajani kwangu, akamsimulia bibi yake kisa chote tena. "Dada alikimbia, mimi nikamfuata, babu akaja." Alisimulia kwa uhakika. Mtoto wa miaka sita, alikuwapo, alishikwa mkono na mimi tukipita ile pembe, na sasa ndivyo anavyokumbuka. Nywele zilinisimama.

Kisha Salma akamsukuma Rukia mbele. "Haya. Sema tulivyokubaliana."

Rukia akanijia. Alikuwa amekonda. Akauchukua mkono wangu, huu wenye makovu, akaubusu kama tulivyomfunza, na akasema polepole bila kukosea hata neno moja:

"Babu, nisamehe kwa kuwa nilikimbia. Sitarudia tena."

Nilimtazama nikitafuta kama ana hasira. Ningependa awe na hasira. Hakuwa nayo. Alikuwa akiniogopa. Mtoto aliyekuwa akiniuliza maji huenda wapi alisimama mbele yangu akingoja nimalize ili aondoke.

Nikasema, "Nimekusamehe, mjukuu wangu."

Nilisema hivyo. Mbele ya mama yake, mbele ya bibi yake. Mke wangu akatoka chumbani.

Ndugu zangu, nimeshasimama na maji kifuani nikingoja kufa, na nawaambieni woga ule ulikuwa mdogo. Woga mkubwa ni huu nilio nao sasa, wa kujua kwamba yule mtoto akikua ataamini moja kati ya mawili: kwamba yeye alitaka kutuua, au kwamba watu wazima wakiulizwa ukweli humtoa mtoto kafara. Yote mawili nimemfunza mimi.

Nyinyi wenye wajukuu, wapelekeni pwani, ni haki yao. Lakini mtoto akikwambia maji yanarudi, geuka utazame, haitakupunguzia kitu. Na bahari ihesabuni kwa maji yenyewe, mashekhe waacheni na kazi yao. Na mkikosea mbele ya mtoto, semeni siku hiyo hiyo, mkiwa bado mmeloa, watu wacheke wakichoka waende kwao. Ukingoja, utamkuta mtoto ameshaubeba uongo wako na ameanza kuusema kwa mdomo wake.

Jumapili nakwenda Tudor. Nimeandika haya kwanza kwa sababu najijua, nikifika mlangoni naweza kuuliza habari za shule nikanywa chai nikarudi. Nitawaketisha wote, Salma, mumewe, Twaha, na nitasema. Salma akinifukuza atakuwa na haki. Kisha nitamwomba Rukia msamaha, na hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu ni mtoto mwenye adabu, na naogopa ataniambia amenisamehe kabla sijamaliza kusema, ili aondoke.